Mwongozo kamili wa kulinda afya ya mtoto anayezaliwa na mama mwenye ulemavu jijini Nairobi

Mama mwenye ulemavu anapopata mimba jijini Nairobi, maswali ya kwanza anayoulizwa mara nyingi hayahusu afya yake. Anaulizwa ni nani aliyempa mimba hiyo, atamlea mtoto vipi, na kwa nini hakufikiria kwanza. Maswali hayo yanaumiza, na madhara yake hayaishii moyoni mwa mama, kwa sababu yanamfanya aahirishe kwenda kliniki, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia kwa kuchelewa huko.

Tafiti zilizofanywa Marekani na Kanada zimeonyesha kwamba wanawake wenye ulemavu hujifungua watoto njiti na watoto wenye uzito mdogo mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine. Baadhi ya sababu ziko mwilini: maambukizi ya mkojo yanayomrudia mama aliyeumia uti wa mgongo, kwa mfano, yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Sababu nyingine, na hizi ndizo ninazozipa uzito zaidi, ziko nje ya mwili, yaani umaskini, ukatili wa nyumbani, ngazi zisizopitika kwa kiti cha magurudumu, na muuguzi anayezungumza na msindikizaji huku mama mwenyewe ameketi papo hapo. Haya yanaweza kupunguzwa kwa maandalizi. Mwongozo huu umeandikwa kwa mama mwenyewe, ingawa mume, mama mkwe, dada na mhudumu wa afya ya jamii nao watapata la kufanya.

Hatua ya kwanza: Dawa na urithi

Kama unatumia dawa yoyote kila siku, onana na daktari kabla ya kupata mimba, au mara tu unapogundua kwamba unayo. Dawa inayohitaji tahadhari kubwa kuliko zote ni valproeti, inayotumiwa kutibu kifafa na baadhi ya magonjwa ya akili. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wanaoipokea wakiwa tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na tabia. Hata hivyo, usiiache ghafla kwa hofu, kwa kuwa kifafa kisichodhibitiwa kinaweza kumuua mama na mtoto pamoja. Daktari anaweza kukuhamishia kwenye dawa salama zaidi kama lamotrijini au levetirasetamu, naye atafuatilia kiwango chake, kwa maana mwili wa mjamzito huondoa baadhi ya dawa haraka kuliko kawaida.

Kila mama anahitaji asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ikiwezekana tangu kabla ya mimba. Mama aliyezaliwa na mgongo wazi (spina bifida, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri alipokuwa tumboni) anahitaji dozi kubwa zaidi ya mara kumi, yaani miligramu 5 kwa siku, na anayetumia dawa za kifafa naye huandikiwa dozi hiyo mara nyingi. Dozi hii iamuliwe na daktari, kwa hiyo itaje wewe mwenyewe hata kama hujaulizwa.

Kuhusu urithi, jirani akikuambia kwamba mtoto atazaliwa kama wewe, usikubali wala usikatae kabla ya kujua chanzo cha ulemavu wako. Ulemavu uliotokana na polio, ajali au homa ya uti wa mgongo haurithiwi. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili: mama mwenye ualbino akizaa na mwanamume asiye na kinasaba cha ualbino, mtoto hatakuwa na ualbino, ila atakibeba kinasaba bila kukionyesha. Baadhi ya aina za uziwi hurithiwa pia, lakini watoto wengi wa wazazi viziwi huzaliwa wakisikia.

Hatua ya pili: Ziara ya kwanza kliniki, kabla ya wiki ya 12

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara nane. Kwa mama anayelazimika kulipa teksi kwa sababu matatu haiwezi kubeba kiti chake, ziara nane ni gharama kubwa, kwa hiyo omba vipimo vya damu, mkojo na picha ya tumbo vifanywe siku moja.

Kipimo kinachorukwa mara nyingi kwa mama asiyeweza kusimama ni uzito. Muuguzi anatazama mizani, anamtazama mama, kisha anaacha nafasi wazi kwenye kitabu cha kliniki. Usiondoke hivyo. Mama anaweza kupimwa akiwa ndani ya kiti chake kwenye mizani pana, kisha kiti kikapimwa kikiwa kitupu na uzito wake ukatolewa. Mama mwepesi anaweza kubebwa na ndugu yake juu ya mizani ya kawaida, na hesabu ikafanywa kwa njia hiyo hiyo. Bila uzito, hakuna atakayejua kama mimba inakua inavyopaswa, na baadhi ya dawa zitatolewa kwa kukisia.

Hakikisha pia umepimwa virusi vya ukimwi, kaswende, wingi wa damu na kundi la damu. Bado wapo wahudumu wanaodhani kwamba mwanamke mwenye ulemavu hana uhusiano wa kimapenzi, ambao kwa dhana hiyo hawamshauri ipasavyo, ilhali mama mwenye virusi anayeanza dawa mapema na kuzimeza bila kukosa anaweza kupata mtoto asiye na virusi.

Msindikizaji akiulizwa swali linalokuhusu, jibu wewe: "Sista, mimi ndiye mgonjwa, tafadhali niulize mimi." Mama kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya ishara, na kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinaitambua haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Mkalimani huyo asiwe mtoto wako wala mama mkwe, kwa sababu kuna majibu ya vipimo ambayo ni siri yako. Ikikosekana njia nyingine, andikianeni kwenye simu au karatasi kwa sentensi fupi. Mama mwenye ulemavu wa akili aelezwe kwa maneno mepesi na picha, apewe muda, na akubali mwenyewe kila anachofanyiwa. Tena aonwe peke yake kwa dakika chache, kwa kuwa aliyemleta anaweza kuwa ndiye anayemdhulumu. Simu ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo.

Hatua ya tatu: Ukurasa mmoja ndani ya kitabu cha kliniki

Wauguzi hubadilishana zamu, na atakayekupokea saa nane za usiku huenda hajawahi kukuona. Kwa hiyo andika, au uandikiwe, ukurasa mmoja ubandikwe ndani ya kitabu cha kliniki, wenye aina ya ulemavu wako, dawa na dozi zake, mambo yanayokudhuru, namna ya kuwasiliana nawe, namna ya kukuinua, na namba ya mtu wako wa karibu.

Mama aliyeumia uti wa mgongo ndiye mwenye mengi ya kuandika. Kama jeraha liko kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla kwa sababu ya kibofu kilichojaa, uchunguzi wa njia ya uzazi au uchungu wenyewe. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa nguvu, na jasho na joto la ngozi juu ya mahali pa jeraha. Ukurasa useme wazi kwamba hii ni dharura: mama aketishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe, mrija wa mkojo uangaliwe au kibofu kitolewe mkojo, na daktari aitwe mara moja. Andika pia shinikizo lako la kawaida. Mama ambaye kwa kawaida ana 90 kwa 60 akipimwa 120 kwa 80 ataambiwa yuko sawa, kumbe limeshapanda sana.

Mama huyu huenda asiusikie uchungu kama wengine. Kuanzia wiki ya 28, na apapase tumbo kwa kiganja asubuhi na jioni, akihisi kama linakaza na kulegea kwa vipindi, na kwa njia hiyo hiyo afuatilie mtoto anavyocheza. Misuli ya miguu kukakamaa kuliko kawaida, kupumua kwa shida au maji kutoka ni sababu za kwenda hospitali bila kungoja. Akifika mapema wakati uchungu umeanza kabla ya wiki ya 34, anaweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na sindano hizo huokoa watoto njiti wengi.

Mama aliyezaliwa na mgongo wazi aandike kama ana mzio wa mpira, kwa sababu glavu na mirija ya hospitali inaweza kumletea mzio mkali.

Hatua ya nne: Hospitali, usafiri na malipo

Mama mwenye hali inayoweza kuleta mtoto njiti asipange kujifungulia zahanati ya mtaani. Achague hospitali yenye chumba cha upasuaji na kitengo cha watoto wachanga, kama vile Pumwani, Mama Lucy Kibaki au Kenyatta. Itembelee kabla ya wiki ya 34 uone lifti inafanya kazi, mlango wa choo unapitisha kiti, na kama kuna kitanda cha kujifungulia kinachoshuka. Mama asiyeona atembezwe wodini, ahesabu hatua kutoka kitandani hadi chooni akishika ukuta.

Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii mapema na uhakikishe mchango umelipwa, kwa maana kushughulikia malipo wakati uchungu umeshika ni mateso yanayoepukika. Kupata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kunahitaji kukaguliwa kwanza hospitalini, kwa hiyo usingoje mwezi wa tisa.

Panga usafiri wa usiku kwa jina la dereva na namba yake. Kama nyumba yako iko ndani ya vichochoro vya Mathare, Kibra au Mukuru, ambako gari halifiki, kubaliana na majirani wawili watakaokubeba hadi barabarani, na mfanye jaribio mchana. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu huitwa kwa namba 1199.

Hatua ya tano: Kujifungua na saa ya kwanza

Ulemavu peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mama wengi wa viti vya magurudumu hujifungua kwa njia ya kawaida, wengine wakiwa wamelala ubavu kwa sababu miguu haipanuki. Mama mwenye kimo kifupi sana ndiye anayehitaji kupanga upasuaji mapema, kutegemea upana wa nyonga zake.

Mama kiziwi akubaliane na mkunga, kabla uchungu haujakolea, juu ya ishara tatu za mkono: sukuma, pumua, ngoja. Sindano ya maji iwekwe kwenye mkono asioutegemea kwa ishara, kwa kuwa kumfunga mkono anaoutegemea ni sawa na kumziba mdomo. Mkunga avute barakoa kidogo au asimame mahali penye mwanga uso wake uonekane. Mama asiyeona aelezwe kila jambo kabla ya kuguswa, na mtoto akizaliwa, mkono wake uongozwe kwenye uso, vidole na utepe wa jina wa mtoto.

Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa moja. Mama asiyeweza kumshika asinyang'anywe saa hiyo; mtu mwingine amshikilie mtoto juu ya kifua chake. Mtoto achomwe sindano ya vitamini K, jambo la lazima hasa kama mama ametumia fenobabito, fenitoini au kabamazepini, kwa sababu dawa hizo zinaweza kumfanya avuje damu. Akizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, afungwe kifuani kwa leso saa nyingi iwezekanavyo, na baba au nyanya apokee zamu mama anapochoka. Hospitali ya Pumwani ina benki ya maziwa ya mama tangu 2019, kwa ajili ya watoto walioko wodini ambao maziwa ya mama zao hayajatosha.

Hatua ya sita: Nyumbani

Ndugu wanaokuja kusaidia wana mazoea ya kumchukua mtoto na kumwachia mama mapumziko. Kwa mama mwenye ulemavu mazoea haya yana hatari, kwa sababu mtoto asiponyonya mara kwa mara maziwa hupungua, na baada ya wiki chache familia inasema mama ameshindwa. Msaada uelekezwe kwenye maji, nguo, sokoni na jikoni, na mtoto abaki kwa mama.

Kwa mama asiyeona, chupa za dawa ndizo ninazozisisitiza kuliko kitu kingine chochote. Klorheksidini ya kupaka kitovu inaweza kuja katika chupa ndogo inayofanana kabisa na ya dawa ya macho, na ikiingia machoni mwa mtoto inaweza kumpofusha. Ifunge mpira wa kukazia noti mara mbili shingoni, uiweke kwenye kopo lake peke yake, na isikae kamwe pamoja na dawa nyingine. Sindano ya kupimia dawa ya maji ikatwe alama kwa wembe kwenye mpini na mfamasia, mahali dozi inapofika, ili uhisi kwa ukucha. Ngozi kuwa manjano huwezi kuijua kwa mkono, kwa hiyo mtu anayeona amtazame mtoto kila siku katika mwanga wa mchana kwa wiki mbili za kwanza, machoni, viganjani na nyayoni. Lakini pumzi unaweza kuihesabu vizuri kuliko wengi: weka kiganja juu ya tumbo la mtoto aliyetulia, washa saa ya simu itakayotetemeka baada ya dakika moja, uhesabu.

Mama kiziwi aweke simu chini ya mto wake iteteme kila baada ya saa mbili au tatu usiku, kwa sababu mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na mtoto dhaifu huacha kulia kabla ya kuacha kupumua. Mtoto alale chali mahali pagumu karibu na mkono wa mama, bila mito wala mablanketi mazito usoni, taa ndogo ikiwa imewashwa.

Mama mwenye kifafa anyonyeshe akiwa ameketi sakafuni juu ya godoro, na ambadilishe nepi hapo hapo. Asimwogeshe mtoto kwenye beseni akiwa peke yake. Kitambaa chenye maji vuguvugu kinatosha. Dawa nyingi za kifafa hazizuii kunyonyesha, ingawa fenobabito inaweza kumfanya mtoto asinzie na kunyonya kivivu, na hilo liripotiwe.

Mama wa kiti cha magurudumu au magongo ainue kila kitu: beseni liwe juu ya meza imara, jiko litoke sakafuni, na mtoto asibebwe kamwe pamoja na maji ya moto. Anyonyeshe akiwa amelala ubavu au mto ukiwa mapajani.

Hatua ya saba: Dalili za kukimbilia hospitali

Mtoto akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, joto likifika nyuzi 37.5 au likishuka chini ya 35.5, akilegea asitikisike mpaka aguswe, au viganja na nyayo vikiwa manjano, apelekwe hospitali wakati huo huo. Umanjano wowote katika saa 24 za kwanza ni dharura. Usimpe mtoto wa chini ya miezi miwili dawa ya homa ukingoje kuona.

Kutoka siku ya tano, nepi sita zilizolowa kwa siku ni ishara kwamba maziwa yanatosha, na uzani wa nepi unajulikana hata kwa mkono. Uzito aliopoteza baada ya kuzaliwa anapaswa kuwa ameurudisha kufikia wiki ya pili. Mama naye akiwa na huzuni, hofu au kukosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, aseme kliniki, kwa sababu hali hiyo inatibika na inaathiri unyonyeshaji.

Hatua ya nane: Kama mtu anataka kumchukua mtoto

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unasema katika kifungu cha 23 kwamba mtoto hatatenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi. Muuguzi, chifu au ndugu akikutaka utie saini ya kumtoa mtoto, usitie. Omba maelezo kwa maandishi na upige 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Hatua ya tisa: Chanjo, masikio na lugha

Mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio anapozaliwa, kisha huchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua na rubela katika miezi 9 na 18. Matone ya vitamini A huanza miezi 6, wakati ambapo chakula cha kulikiza huongezwa juu ya maziwa ya mama. Mama asiyeweza kufika kituoni amwarifu mhudumu wa afya ya jamii mapema, ili siku ya chanjo isipite.

Masikio ya mtoto wa mama kiziwi yapimwe kabla ya mwezi mmoja kama kituo kina kifaa, na kama kuna shaka, uchunguzi kamili ukamilike kabla ya miezi mitatu. Akiwa kiziwi, lugha ya ishara tangu siku ya kwanza itamfungua akili. Akiwa anasikia, mwoneshe ishara vilevile, kwa kuwa lugha mbili hazimcheleweshi, na umzungukishie watu wanaosema naye kila siku, wajomba, mashangazi, watoto wa jirani. Redio peke yake haifundishi mtoto kuzungumza, kwa sababu haimjibu anapoiita. Akifika miezi 18 bila neno wala ishara yenye maana, mpeleke kliniki ya watoto siku hiyo hiyo ya chanjo ya pili ya surua.